Madaftari Mawili ya Mto Mkondoa

Mwalimu Kibwana amezikwa Mikumi Jumatano iliyopita, na mimi nilitoka Kilosa kwenda msibani nikiwa na nia njema kabisa. Nilikula pilau, nikalia kidogo pamoja na wanawake wa mtaani kwake, nikawaamkia wakubwa wachache waliobaki duniani wa kuamkiwa na mimi. Kilichoniharibia nia ni kijana mmoja mwenye tai, mwanafunzi wa marehemu wa zamani, siku hizi anafundisha chuo kikuu. Alisimama chini ya turubai akaeleza jinsi Mwalimu alivyokusanya nyimbo za wanawake wa Kilosa zisipotee, akasoma moja: mvua inanyesha mlimani, mto unapungua, nani anakunywa mto? Akatufafanulia kwamba mto ni jasho la mnyonge na anayeunywa ni mwenye nguvu. Watu wakatikisa vichwa kwa utamu. Nikanyoosha mkono. Msimamizi wa shughuli akaniambia, bibi, muda umetubana, wewe pumzika tu. Upande wa wanaume, mwisho wa benchi la mbele, alikuwepo Injinia Mlowe na fimbo yake, anaangalia viatu vyake. Tuliobaki tunaojua habari ya wimbo ule ni mimi na yeye. Basi kwa kuwa msibani muda haukutosha, nasema hapa, na hapa hakuna msimamizi. Mto ule ulikuwa Mkondoa. Mvua ilikuwa mvua. Mlima ulikuwa mlima, unaonekana ukisimama stesheni ya Kilosa na kugeuza shingo. Na wimbo wenyewe ulikuwa wangu, tena ulikuwa na namba ndani yake, namba nne, zikatolewa kama mtu anavyochambua miiba ya samaki, na kwa kuzitoa kule mtu alikufa.

Mimi nimeishia darasa la nne. Nalisema mapema ili atakayekuta koma imekaa pabaya asipoteze muda wake kunihurumia. Mambo ya wazazi na ukoo nayaacha, hayahusiki. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa nafanya kazi mbili katika nyumba moja. Ilikuwa nyumba ya zamani ya watu wa reli, kuta nene, madirisha marefu, sakafu ya saruji iliyopasuka ufa mmoja kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Kushoto kwa ufa kulikuwa na chumba cha Injinia Mlowe, aliyeletwa kupima mito. Kulia, chumba cha Mwalimu Kibwana, aliyefundisha Kiswahili sekondari. Katikati sebule yenye meza moja, na nyuma jiko na kijichumba changu. Chumba cha Injinia kilikuwa na ramani ukutani na chupa kumi na kitu dirishani zenye maji ya mto, tope limetulia chini, kila chupa na karatasi yake. Kuzifuta vumbi niliruhusiwa, kuzisogeza sikuruhusiwa. Chumba cha Mwalimu kilikuwa na vitabu ndani ya makasha ya majani ya chai, pazia la kanga, na redio kaseti kubwa aliyoifunika kitambaa kama mtoto mchanga. Huko niliruhusiwa kusogeza kila kitu, na hakuna kilichoonekana kimesogea.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupika. Kazi ya pili aliniongezea Injinia baada ya msomaji wake wa kipimo kuhamia Kidodi kufuata miwa. Chini ya nyumba, mwendo wa robo saa kwa njia ya bustanini, kulikuwa na chuma kirefu kimesimikwa mtoni, cheupe, chenye mistari myeusi na namba kama rula ya shule. Saa tatu asubuhi na saa kumi jioni unashuka, unaangalia maji yamefika mstari gani, unaandika kwenye daftari. Daftari lilikuwa na sehemu ya tarehe, ya saa, ya kimo cha maji, na pembeni kabisa sehemu nyembamba iliyoandikwa Maelezo. Sasa daftari la kwanza nililitumbukiza majini wiki ya kwanza tu, kwa hiyo Injinia akaamuru lisitoke tena nyumbani. Nisome mtoni, nikaandike nyumbani. Robo saa ya kupanda, na kichwa changu mimi namba hakikai nayo, hasa nikikutana na watu wa kusalimiana nao. Nikafanya ninavyofanya kwa kila kitu ninachoogopa kukisahau: nikaiimba. Nikaitia kwenye sauti za kutwangia, nikaizungushia mambo niliyoyaona, maana namba peke yake inateleza, lakini namba iliyoshikana na rangi ya maji na kelele za vyura haiendi popote. Mita moja na ishirini, maji rangi ya chai ya rangi, gogo la jana limeondoka, vyura leo hawasemi. Maneno kwa Kikaguru, namba kwa Kiswahili, kwa sababu hesabu nilifundishwa kwa Kiswahili.

Bustani zilikuwa pande zote mbili za njia, mchicha, nyanya, maharage, na ng'ambo ya mto pia, hadi upande wa kuelekea Chanzuru. Wanawake waliokuwa wakilima wakazoea. Nikipita naimba wananyamaza wasikie, kisha wanaitikia mstari wa mwisho. Aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Salome, rika langu, rafiki yangu, mwenye bustani ya mwisho kabisa kule chini karibu na maji. Alikuwa na mwanya na hakuwa na haya. Nikikosea kuimba yeye ananirudisha pale pale, hata mbele za watu. Mama yake alilima bustani ya pili kutoka pale. Hakuna aliyeniambia kwamba nilikuwa natangaza habari, na mimi sikujua kwamba natangaza. Nilidhani nakumbuka tu. Lakini kulikuwa na siku nikisema maji yamepanda na yana majani mabichi, naona mtu anahamisha mbuzi.

Nirudi kwenye meza. Mle ndani ndimo nilimoanza kusikia kwamba duniani kuna watu wa sayansi na watu wa sanaa, na kwamba lazima mtu awe upande mmoja, kama Simba na Yanga. Nilikuwa sijui. Darasa la nne tulikuwa tunafanya yote na mwalimu mmoja na fimbo moja. Mchana walikuja kula pamoja, ugali wa dona na mlenda, Ijumaa wali na kisamvu cha nazi kwa heshima ya Mwalimu, na kabla ya tonge la tatu walikuwa wameshaanza. Injinia alisema nchi hii itajengwa na wenye kupima, na kwamba shuleni walioshindwa hesabu ndio wanaosukumiwa kwenye mashairi. Mwalimu alijibu kwamba wasiojua kusalimia ndio wanaopelekwa kupima mito, maana mto hauhitaji shikamoo. Injinia akamuuliza lini shairi limewahi kushikilia daraja. Mwalimu akamuuliza kama mama yake alimbembeleza usingizini kwa kumtajia vipimo. Nilicheka jikoni hadi nikaunguza dagaa. Ilikuwa raha kuwasikiliza, nisidanganye. Nilikuja kuona baadaye kwamba katika mwaka mzima, kwa maneno yote yale, Injinia hakuwahi kuvuka ufa wa sakafu kuingia chumba cha mwenzake kuangalia alichonacho, wala Mwalimu hakuwahi kuinua hata chupa moja kuuliza tope lile ni la wapi.

Sasa nifike pabaya. Siku moja Injinia alishuka mtoni mwenyewe kuhakiki. Alikuta sentimita thelathini na nane. Akarudi akafungua daftari langu akakuta arobaini. Akaniuliza nimeonaje arobaini, nikamwambia ukweli wa kijinga: thelathini na nane haikukaa vizuri kwenye wimbo, ilikuwa ndefu mno, nikaikata. Naandika hili kwa sababu wapo watakaosema nimekuja kumsema Injinia tu. Siku ile haki ilikuwa yake. Sentimita mbili ni sentimita mbili. Alikaa mezani akapitia daftari lote na kalamu nyekundu, na kila nilipokuwa nimejaza sehemu ya Maelezo hadi ikafurika pembeni, akapiga mstari. Vyura, mstari. Rangi ya chai, mstari. Mawingu mlimani, mstari. Kisha akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniogopesha, kwamba kuanzia kesho nishuke na penseli na kipande cha karatasi ndani ya mfuko wa nailoni, niandike namba pale pale mtoni, na nisiimbe njiani.

"Wimbo unaharibu namba, Debora," alisema.

Mwalimu alikuwa amesikia yote kutoka chumbani kwake. Alipotoka Injinia, akaniita. Alisema nisihuzunike, kwamba yeye alikuwa anatamani siku nyingi kuzirekodi nyimbo zangu, kuna watu wakubwa wanazitafuta nyimbo za namna ile, ila kulikuwa na jambo moja. Zile namba. Alisema zinakwaruza, zinamtoa msikilizaji nje ya hisia. Akanipa daftari jipya lenye jalada la bluu, niandike nyimbo tupu, na kila jioni baada ya kuosha vyombo nije nimwimbie kwenye kaseti.

"Namba zinaharibu wimbo, binti," alisema naye.

Ningeweza kuwaambia wote wawili kwamba mimi kitu changu kilikuwa kimoja. Sikusema. Injinia nilimwogopa. Mwalimu, kwa kuwa ni marehemu na mimi ni kikongwe niseme tu, nilimpenda kidogo. Si mapenzi ya kufanya lolote, ni yale ya kubadilisha kanga kabla ya kupeleka chai. Mtu kama huyo akikwambia sauti yako inatafutwa na watu wakubwa, unakatakata chochote anachotaka kikatwe. Basi nikawa na madaftari mawili, la kijivu la namba na la bluu la nyimbo, na wiki tatu nikapanda na kushuka njia ile kimya, na karatasi yangu kwenye nailoni. Siku ya pili tu Salome alinyoosha mgongo bustanini akaniuliza kama nimegombana na mto. Nikamwambia siku hizi ni mambo ya kitaalamu. Akacheka, akasema utaalamu umenifanya nitembee kama naenda kuungama.

Wiki ya nne, milimani kulinyesha. Huku Kilosa tulipata manyunyu tu, lakini juu kule kulikuwa kweusi kama sufuria, siku baada ya siku, na abiria walioshuka kwenye treni kutoka Kidete walisema mvua haijakata. Jumatatu nilisoma mita moja na themanini. Jumanne, mita moja na hamsini na tano. Jumatano, mita moja na kumi. Nikaandika vizuri kwenye la kijivu, bila kukata hata sentimita. Injinia alifurahi. Mvua ilikuwa imemtia wasiwasi wa mafuriko na sasa maji yalikuwa yanashuka, kwa hiyo mchana wa Jumatano alishuka mwenyewe akawaambia watu wa bustanini, waliokuwa wamejisogeza juu kwa hofu, kwamba hatari imepita, warudi walime. Jioni ile nilikaa kwenye kigoda mbele ya redio kaseti, na kwa kuwa namba zilikuwa zimekatazwa, mdomo wangu ukatafuta njia nyingine ya kusema nilichokiona. Mvua inanyesha mlimani, mto unapungua, nani anakunywa mto? Mwalimu alifumba macho. Alinirudisha niimbe mara tatu. Alisema hajawahi kusikia sitiari kama ile, akaniandikia neno hilo kwenye jalada la bluu, nami nikajisikia mkubwa sana. Kesho yake asubuhi aliondoka na mstari ule kwenda kuwafundishia wanafunzi.

Ona basi. Ukuta mmoja tu. Upande huu mtu ana namba zinazoshuka, anasema ni habari njema. Upande ule mtu ana swali zima lenye mvua na mto ndani yake, anasema ni uzuri. Angeulizwa mkulima yeyote yote mawili kwa pamoja, mvua iko mlimani siku nne na mto unakauka, maji yako wapi, angetupa jembe akakimbia. Huko juu kipande cha mlima kilikuwa kimeporomoka na magogo yake yakauziba mto, maji yanajaa nyuma yake yanasubiri. Hakuna aliyekuwa na habari nzima. Nakosea. Mmoja alikuwa nayo. Aliyebeba madaftari yote mawili alikuwa mimi, na mimi nilikuwa nimeshazoea kufungua moja nikiwa nimefunga lingine.

Alhamisi saa tatu nilishuka. Chuma kilionyesha sentimita sitini na nane. Niliona mawe ambayo sikuwahi kuyaona, na kambare wanajipigapiga kwenye vidimbwi. Wimbo ulikuja wenyewe mdomoni, pamoja na namba yake, umeshikana vizuri kabisa, sitini na nane, mawe ya chini yanaota jua, mlima bado mweusi. Nikaumeza. Nawaambia nyie mnaosoma, nakumbuka kabisa koo langu lilivyofanya. Niliumeza kwa sababu nyimbo zilikuwa za jioni, za chumbani kwa Mwalimu, na asubuhi ilikuwa ya namba. Salome alikuwa anapalilia maharage pale chini. Akaniita.

"Debo, mbona mto umekauka hivi, na mvua yote ile huko juu?"

"Injinia kasema maji yamerudi, mlime tu."

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Hayakuwa na mita wala chura ndani yake. Yalikuwa maneno ya mtu mwingine niliyoyabeba kwenye nailoni.

Saa tano nilikuwa jikoni nachagua mchele. Nilisikia treni, nikawaza leo imewahi, kisha nikawaza kwamba treni haipiti mtoni. Nilipofika juu ya njia bustani hazikuwepo. Maji yalikuwa ya kahawia na yanatembea na miti mizima imesimama wima, na chuma cha kupimia kilikuwa kimekwenda. Waliokuwa bustani za juu walikuwa wameshika mikono wanavutana. Mama yake Salome alikuwa ametolewa kwa kanga, amekaa kwenye tope. Wa ng'ambo walipanda kwenye tuta la reli. Salome walimpata siku ya tatu, chini huko kwenye mkonge. Alikuwa yeye peke yake. Watu wa Kilosa husema tulipona, kwa sababu alikufa mmoja. Mimi huyo mmoja nilikuwa namjua jina.

Siku ya mazishi nilimwendea mama yake kumwamkia. Shikamoo yangu ilibaki hewani, na kwetu kutoitikiwa si jambo dogo, ni heri upigwe kofi. Alikuwa amesikia nilichomjibu mwanaye. Nilirudi nyumbani, nikapita sebuleni. Injinia alikuwa mezani anakokotoa kimo cha wimbi kwa kuangalia tope lililobaki kwenye miti. Mwalimu alikuwa mlangoni kwake ananisubiri, ananiuliza kwa sauti ya chini sana, ya huruma kweli, kama nimeshatunga chochote cha kumlilia Salome. Nilikwenda jikoni nikachukua shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, na uzi wa katani. Nikayafungua madaftari yote mawili kwenye nyuzi zake, nikaanza kuyapanga ukurasa kwa ukurasa, Jumatatu ya kijivu juu ya Jumatatu ya bluu, Jumanne juu ya Jumanne, nikayashona. Vidole vilitoka damu. Lilitoka daftari moja nene baya lisilofungika vizuri, na usiku kabla haujaingia nilikuwa nimelisoma lote tangu mwanzo, na kila kitu kilikuwemo.

Wiki mbili baadaye wakubwa wa Injinia wakaitisha kikao Mikumi, kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni. Tulikwenda kwa lori, mimi nimekaa nyuma juu ya magunia, na ndiyo mara ya kwanza nikaona twiga, wawili, wanatuangalia kama sisi ndio wa ajabu, na sikuweza kufurahi. Nilikuwa nimeitwa kuthibitisha usomaji tu. Mwalimu alialikwa kueleza upande wa wananchi. Injinia alieleza namba zilivyoshuka na kwamba hakuna mtaalamu angejua. Mwalimu alisimama akasema wananchi walijua, sanaa yao ilijua, akausoma mstari wangu, na machozi yakamlengalenga, na bado hakutaja siku ulipoimbwa wala maji yalikuwa wapi. Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao. Mwenyekiti, bwana mwenye miwani, akaniuliza kama namba ni zangu. Nikasema ni zangu na wimbo ni wangu. Nikasimama nikafungua lile daftari baya nikasoma kama lilivyoshonwa. Jumatatu, moja na themanini, mvua iko mlimani. Jumanne, moja na hamsini na tano, mvua bado. Jumatano, moja na kumi, nani anakunywa mto. Alhamisi, sitini na nane, na hapo nikawaambia kwamba Alhamisi ukurasa wa bluu ni mweupe, kwa sababu nilimeza, na nikawaambia nilimeza kwa amri ya nani na nani, na kwa ujinga wa nani, nikajinyooshea kidole kifuani. Injinia aliweka kalamu chini. Mwalimu alikuwa amesimama, akakaa. Nikadhani wamesikia. Mwenyekiti akalichukua daftari, akaligeuzageuza.

"Sasa hili tuliweke faili gani?" aliuliza. "Namba zinakuja kwetu. Nyimbo ni mambo ya utamaduni."

"Liweke faili la aliyekufa," nikamwambia.

Wenzake wakakohoa. Hakukasirika, nadhani alinihurumia. Alifungua mkoba wake akanipa daftari jipya kabisa, limechapwa vizuri, akanionyesha kwamba ile sehemu ya Maelezo wameiondoa ili tusichanganyikiwe tena. Nikalifungua. Tarehe, saa, kimo. Nikamrudishia kwa mikono miwili, kwa adabu zote nilizofundishwa, nikasema hili sijui kuliandika. Akasema mbona ni rahisi, ni namba tu. Nikasema ndiyo maana. Mwalimu aliponishika mkono nje akaniambia nije kwake basi, niandike nyimbo tu kwa uhuru, na yeye nikamwambia hapana, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Niliwaacha wote wawili na nyumba yao na ufa wao. Juzi msibani, kwenye kusubiri gari, Injinia alinisogelea na fimbo yake akaniambia ningesema tu pale, hata kwa nguvu. Nikamwuliza mbona yeye hakusema, yeye mwanaume mwenye digrii na benchi la mbele. Akasema angesemaje, yeye si mtu wa mashairi. Miaka yote hii. Nikampandisha kwenye gari lake.

Baada ya kikao kile walisimika chuma kipya na wakapata msomaji mpya, mtu mzuri, mkimya, anaandika namba zake anaondoka. Mimi nilishuka kesho yake niliporudi kutoka Mikumi, saa tatu, bila kutumwa na mtu. Nilikuwa nimechukua panga na nimechagua nguzo ya zamani ya daraja iliyobaki ukingoni. Nikachonga alama zangu juu yake kwa upana wa shubiri, nikahesabu, nikaanza kupanda njia naimba. Sauti ilitoka imekauka. Bustani zilikuwa tope tupu na watu wachache wanajaribu kutafuta mipaka yao. Mama yake Salome alikuwepo, ameinama kwenye kile kipande cha mwisho cha chini, anatoa mawe. Nilipomfikia sikujua nifanye nini, nikaendelea tu kuimba, shubiri tatu na nusu, maji mazito rangi ya tofali, hakuna majani mabichi, mlima leo mweupe. Aliinuka.

"Hivyo ndivyo ulivyopaswa kumwambia siku ile."

"Ndiyo, mama. Hivyo ndivyo."

Hakunisamehe, na mimi sikumwomba anisamehe. Aliweka mikono kiunoni, kisha akageuka kuangalia ng'ambo ya mto, ambako watu watatu wanne walikuwa wanakokota magogo kutoka mashambani mwao.

"Basi paza sauti," alisema. "Wale pale hawajasikia."